Batli Ikikwama, Zamu Ibadilike

Ilikuwa kaskazi, joto limeshika. Niliitwa kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha, ghorofa ya pili, si mbali na mzunguko wa Makupa, Mombasa. Chini malori ya makontena yalikuwa yakijongea kuelekea Changamwe, honi juu ya honi. Juu, watu watano walikuwa kimya wakimtazama karani mmoja wa kike ambaye hata miaka ishirini na mitano hajafika. Katika mfumo wa ofisi, jina la mpokeaji wa kontena moja lilikuwa limebadilishwa. Mzigo ulitoka kwa jina hilo jipya, na mwenye mali alikuwa amekuja na wakili.

"Ami, mimi sikubadilisha kitu," karani aliniambia. "Nililifungua faili Jumatano, nikalifunga. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Seva ilikuwa hai, taa zote kijani, feni zavuma, ofisi nzima ilikuwa ikiitumia saa ileile. Lakini kumbukumbu za mfumo, zile zinazoandika nani ameingia, saa ngapi na amegusa nini, zilikatika Alhamisi saa tisa usiku. Tangu hapo hadi siku niliyoitwa, siku sita, hapakuwa na hata mstari mmoja. Kuna aliyewasha maandishi ya uchunguzi ili atafute hitilafu ya printa, akasahau kuyazima, diski ikajaa. Seva haikulalamika. Iliendelea kufungua faili, kubadilisha majina na kuchapa hati, ila haikuandika tena.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kando yake. Palikuwa na seva ya pili, ya akiba, iliyonunuliwa kwa pesa nyingi ili ishike zamu ya kwanza ikianguka. Siku zote sita ilikaa bure, kwa sababu mwenzake hakuanguka. Iliambiwa ingoje kifo, nayo ikangoja kifo. Hakuna aliyeiambia kwamba seva isiyoandika nayo inafaa kupokonywa zamu.

Makala haya nawaandikia mafundi wa ofisi ndogo na wenye ofisi hizo: mawakala wa forodha, vyama vya akiba na mikopo, zahanati, wauza jumla. Nina neno moja tu la kuwashauri, na mengine yote yanatoka humo: seva yako usiiulize kama iko hai, iulize kama inaweza kuandika. Ikishindwa kuandika, mwenzake ashike zamu.

Neno la baharini

Kumbukumbu hizi za mfumo mafundi vijana huziita logi. Neno hilo lilitoka baharini. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakitupa kipande cha gogo majini, kimefungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita ili kujua mwendo wa chombo. Mwendo ule ukaandikwa katika kitabu, na kitabu kikaitwa kwa jina la gogo. Sisi watu wa pwani tuna neno letu, batli, na sioni sababu ya kuliacha lioze. Batli ya seva ni daftari la safari yake.

Asiyejua bahari atazame kituo chochote cha polisi. Mkenya yeyote aliyepoteza kitambulisho anajua kitabu cha OB. Ukiripoti jambo, linaandikwa, unapewa nambari, na nambari hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulifika. Sasa kitabu kikijaa, askari wa zamu afanye nini? Atachukua kitabu kipya. Asipokipata, atamwita mwenzake wa chumba cha pili mwenye kitabu. Hatakwambia, "Endelea kueleza, nitakumbuka." Seva nyingi za ofisi zetu zinasema hivyo hasa, na wala hazikumbuki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata daftari lenyewe hupotea bila habari.

Batli hufa vipi

Ukijua njia tano zifuatazo umejua karibu zote.

Ya kwanza ni diski kujaa, kama nilivyosimulia. Ya pili ni ndugu yake aliyejificha: nafasi ipo lakini nambari za kuandikishia mafaili zimekwisha, kwa sababu programu imezaa mafaili madogo madogo mamia ya maelfu. Amri ya df itakuonyesha diski ina nafasi. Ongeza -i uone ukweli. Ya tatu ni faili kubwa la batli kufutwa na fundi huku programu bado imelishika wazi. Jina limetoka, nafasi haikurudi, na programu inaandika katika faili ambalo hakuna atakayelisoma.

Ya nne ni ya kwetu hasa: stima. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia giza, na haikuwa mara ya mwisho mwaka ule. Seva ikizimika ghafla na kuwaka tena mara kadhaa, diski inaweza kuumia. Katika Linux, mfumo wa mafaili ukigundua kosa mara nyingi hujifunga na kubaki wa kusoma tu ili usiharibike zaidi. Programu iliyokwisha kupakiwa katika kumbukumbu ya muda inaendelea kuhudumia watu, ikisoma bila kuandika. Ukitazama kwa mbali, kila kitu kizima.

Ya tano ni njia ya mtandao. Ofisi nyingi sasa hupeleka batli kwenye seva ya mbali, Nairobi au ng'ambo. Februari 2012 meli iliyotia nanga nje ya bandari yetu ilikata kebo ya TEAMS, ile inayotoka Mombasa hadi Fujairah, na intaneti ya eneo zima ikasinzia. Kebo zimeongezeka tangu wakati huo, lakini nanga hazikuisha. Ukiwa umeweka batli yako upande wa pili wa bahari bila nakala ya nyumbani, kalamu yako imefungwa kwenye nanga ya mtu mwingine.

Amua kabla ya usiku wa shida

Kabla hujagusa mpangilio wowote, kaa na mwenye kazi mkubaliane jambo moja: batli ikikwama, mfumo ufanye nini? Majibu ni matatu. Unaweza kusimama kabisa. Unaweza kukabidhi zamu kwa seva nyingine. Unaweza kuendelea huku ukipiga kelele.

Miongozo ya usalama ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inataka seva za programu zihamie mfumo mwingine kumbukumbu zikishindwa kuandikwa. Hiyo ni wizara ya ulinzi, na sisi si lazima tufuate kila hatua. Hata hivyo swali lao ni swali letu, na jibu hutegemea kazi.

Palipo na pesa au mali kutoka, nasema kabidhi, na kama hakuna wa kumkabidhi, simama. Ofisi ya forodha ikikaa saa moja bila kutoa hati, watu watagomba na kukaa. Ikitoa hati isiyojulikana imetolewa na nani, watu watakwenda mahakamani. Chama cha akiba na mikopo ni hivyo hivyo.

Zahanati ni jambo jingine. Mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungoja diski. Hapo mfumo uendelee, ufute mistari ya zamani kabisa ili upate pa kuandika mipya, kengele ilie kwa msimamizi, na nesi atoe daftari la karatasi kwenye droo. Nimeona mafundi wakinakili mpangilio wa benki na kuutia hospitali kwa sababu ulisifiwa. Usifanye hivyo.

Mkikubaliana, andikeni uamuzi huo, mwenye kazi atie sahihi. Saa nane usiku simu inapolia, fundi asiwe yeye wa kuamua kama biashara ya mtu isimame.

Muulize aandike

Sasa tuingie kazini. Ofisi yenye seva mbili huwa na kitu mbele yake kinachoamua nani ashike zamu. Pengine ni HAProxy, inayopokea maombi yote na kuyagawa. Pengine ni keepalived, inayobeba anwani moja ya pamoja na kuihamisha kutoka mashine hii hadi ile. Vyote viwili huuliza seva kila baada ya muda mfupi: uko? Kwa kawaida HAProxy huuliza kila sekunde 2, na seva ikishindwa mara 3 mfululizo huondolewa kwenye zamu. Ni kama sekunde sita, muda ambao karani hajamaliza hata kuandika nambari ya kontena.

Kasi hiyo nzuri hupotezwa na swali bovu. Ofisi nyingi huuliza kama mlango wa programu unafunguka, au kama ukurasa wa kuingilia unaonekana. Seva ya Makupa ingejibu "niko" kwa siku sita bila kusita.

Badilisha swali. Tengeneza ukurasa mdogo ndani ya programu, uuite /afya. Ukiitwa, ufanye mambo manne: uandike mstari mmoja wenye saa na nambari isiyorudiwa katika batli ya ukaguzi, uhakikishe mstari umefika diskini, haukubaki katika kumbukumbu ya muda, uusome tena kutoka huko, kisha utazame nafasi iliyobaki. Yote yakifaulu, ujibu 200. Moja likishindwa, ujibu 503. HAProxy ikipata 503 mara tatu, zamu inahama. Kama unatumia keepalived, andika hati fupi inayofanya kazi hiyohiyo, na ikishindwa mashine ihesabiwe mbovu ili anwani ihame.

Kuna mitego miwili hapa. Mtego wa kwanza: usifanye jaribio hili kwa jina la msimamizi mkuu. Mfumo wa mafaili wa ext4 humwekea msimamizi akiba ya asilimia 5 ya diski. Diski ikijaa kwa wengine, yeye bado anaandika. Ukijaribu kwa jina lake utaambiwa mambo shwari huku programu, inayotumia jina la chini, imekwisha kunyamaza. Jaribu kwa jina la programu yenyewe, kwa njia ileile inayoandikia.

Mtego wa pili uko kwa wanaotumia Java. Log4j, katika toleo lake la pili, kwa kawaida humeza makosa ya kuandika: batli ikishindwa, programu haiambiwi. Ina kifaa cha kuhamia mwandishi wa pili, lakini hakifanyi kazi mpaka umwambie mwandishi wa kwanza asifiche makosa, yaani ignoreExceptions iwe false. Nimekuta mipangilio mizuri ya kuhamia iliyokaa miaka bila kufanya kazi hata mara moja kwa sababu ya neno hilo moja.

Kwa mfumo wa uendeshaji wenyewe, Linux ina auditd. Humo utakuta maneno yanayosema nini kifanyike nafasi ikipungua, ikikaribia kwisha, diski ikijaa na diski ikiwa na kosa. Kila neno lina majibu ya kuchagua, tangu kupuuza hadi kuzima mashine. Usiyaache kama yalivyokuja. Windows nayo ina kanuni ya usalama inayozima mashine ikishindwa kuandika ukaguzi. Iwashe pale tu palipo na seva ya pili ya kupokea kazi, au mlipokubaliana mfumo usimame.

Madaftari mawili, si moja

Batli si kitu kimoja, na kosa la ile ofisi lilianzia hapo. Maandishi ya uchunguzi wa printa na maandishi ya nani amebadilisha jina la mpokeaji yalikuwa yakienda mahali pamoja. Porojo zikajaza nyumba, shahidi akakosa pa kukaa.

Yatenge. Batli ya uchunguzi iwe na sehemu yake ya diski, yenye kikomo, izungushwe kila siku, na ikijaa ijifute yenyewe; hakuna atakayeililia. Batli ya ukaguzi iwe na sehemu yake peke yake, na hiyo ndiyo inayohamisha zamu. Ukichanganya, kila fundi akiwasha uchunguzi ofisi nzima itahamia seva ya pili bila sababu, na baada ya mara tatu mwenye kazi atakwambia uondoe mtambo wako.

Kwa matendo mazito sana, yale ya kubadilisha mpokeaji, kufuta ankara, kuongeza kiwango cha mkopo, nina dawa bora kuliko zote. Mstari wa ukaguzi uandikwe ndani ya hifadhidata katika muamala uleule wa badiliko. Yote mawili yaingie pamoja au yote mawili yakatike. Hapo haiwezekani jina kubadilika bila mstari kuandikwa, hata diski iwe na shida gani. Hifadhidata zenyewe hufuata adabu hiyo. PostgreSQL huandika kwanza katika daftari lake la mabadiliko kabla ya kugusa jedwali, na nafasi ya daftari hilo ikikwisha, husimama. Wengi huuona usumbufu. Mimi huuona uaminifu.

Msaidizi asile sahani moja na mgonjwa

Zamu ikihama, inahamia wapi? Nimekuta seva mbili zenye kuandika batli katika kabati moja la diski la pamoja. Kabati likijaa, ya kwanza inashindwa, zamu inahamia ya pili, ya pili inashindwa papo hapo, zamu inarudi ya kwanza. Zinarushiana kazi kama watoto na mpira wa makaratasi, na karani katikati haoni ukurasa ukifunguka.

Seva ya pili iwe na diski yake ya batli, betri yake, na kama inawezekana chumba chake. Mombasa tuna adui ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana: hewa ya chumvi na unyevu, inayokula miguu ya vyuma ndani ya mashine. Kiyoyozi kimoja kikizimika wikendi, seva mbili zilizopandana kabati moja zitaumwa homa moja.

Kisiwa hiki kimetufundisha mambo ya njia. Anayetaka kutoka ana Makupa, ana Nyali, ana kivuko cha Likoni, na kila njia ina maji yake na shida zake. Daraja la Makupa lilipofunguliwa 2022 lilichukua nafasi ya tuta lililokuwa limeziba mkondo wa maji kati ya Tudor na Port Reitz. Gari lilipita juu ya tuta lile kwa miaka mingi, na aliyeligundua tatizo ni samaki. Batli iliyoziba ni vivyo hivyo: magari yapita, uharibifu uko chini.

Seva ya kwanza ikipona, isirudishiwe zamu hapohapo. Diski iliyofutwa haraka hujaa tena haraka. Keepalived ina neno nopreempt linalomzuia mgonjwa kunyang'anya kiti mara tu anapofumbua macho. Litumie, arudishwe na mtu baada ya kutazama chanzo. Na zote mbili zikishindwa, mtambo wa mbele uonyeshe ukurasa wa Kiswahili unaosema mfumo umesimama, tumia fomu ya karatasi, piga simu kwa fulani. Ukurasa mweupe wenye nambari ya kosa huwafanya watu wabonyeze tena na tena.

Nyumbani na mbali kwa pamoja

Nakala ya batli iende kwenye mashine nyingine kabisa, kwa sababu mwizi mwerevu akishaingia hufuta nyayo. Lakini chagua njia ya kuipeleka. Njia ya zamani ya UDP hurusha mistari bila kungoja jibu, ikipotea, imepotea. RELP hungoja mpokeaji aseme nimepata. Rsyslog inaweza kuweka foleni diskini wakati mtandao umekatika na kuimwaga ukirudi. Foleni hiyo ipe kikomo, vinginevyo kebo ikikatika wiki moja, foleni yenyewe ndiyo itakayojaza diski.

Kukatika kwa njia ya mbali peke yake kusihamishe zamu. Maadamu batli ya nyumbani inaandikwa na foleni ina nafasi, kazi iendelee na kengele ilie. Ukihamisha zamu kila intaneti inaposinzia, utakuwa unahama mara nyingi kuliko wapangaji wa Majengo.

Hesabu nafasi kwa siku, si kwa asilimia peke yake. Tuseme batli ya ukaguzi inaandika megabaiti 400 kwa siku na umeitengea gigabaiti 20. Una siku 50. Robo ya mwisho ni siku 12 na nusu, muda wa kutosha kengele kulia na mtu kuja. Lakini maandishi yakizidi mara kumi kwa hitilafu fulani, robo hiyo ni siku moja na kidogo. Kwa hiyo weka kengele mbili: moja ya nafasi iliyobaki, nyingine ya kasi ya kujaa. Mimi huhamisha zamu nafasi ikibaki asilimia 10, kabla kalamu haijakauka, ili seva inayoondoka ipate kuandika kwamba imeondoka na kwa nini.

Kimya hushuhudia dhidi yako

Mwenye ofisi anaweza kuuliza gharama yote hii ni ya nini. Mkumbushe Agosti 2017. Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iwafungulie wahusika wa kesi ya urais baadhi ya seva na kumbukumbu zake ili zisomwe. Ilipoonekana amri haikutekelezwa kikamilifu, majaji waliokuwa wengi walikihesabu kimya hicho dhidi ya tume, kikawa miongoni mwa sababu za uamuzi wa tarehe 1 Septemba uliofuta matokeo kwa majaji wanne kwa wawili. Kama kimya cha seva kililiangukia shirika kubwa hivyo, ofisi ya ghorofa ya pili Makupa haina pa kujificha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamtaka mwenye kushika data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data za watu zimevuja na huenda zikawadhuru. Saa 72 hizo utazitumia kujibu nani aliingia na alichukua nini. Bila batli utaandika barua ya kubahatisha. Wanaopokea kadi za benki wana kanuni zao za PCI DSS: kumbukumbu zihifadhiwe miezi 12, za miezi mitatu ya mwisho ziwe tayari kusomwa, na kushindwa kwa mtambo wa kumbukumbu kugunduliwe na kushughulikiwa upesi.

Jaza diski makusudi

Mpangilio usiojaribiwa ni matumaini. Chagua siku, sema Ijumaa jioni ofisi ikifungwa, mwarifu mwenye kazi, kisha uvunje mambo moja baada ya jingine. Tengeneza faili kubwa bandia lijaze sehemu ya batli ya ukaguzi. Lifute, kisha geuza sehemu hiyo iwe ya kusoma tu. Irudishe, kisha ondoa ruhusa ya programu kuandika. Irudishe, kisha chomoa waya wa mtandao wa nje. Kila mara shika saa mkononi na uandike: zamu ilihama? Baada ya sekunde ngapi? Simu ya nani ililia? Aliyekuwa katikati ya fomu alipoteza alichoandika? Kama alipoteza, hifadhi vikao vya watumiaji mahali ambapo seva zote mbili zinaviona.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: soma batli za mashine zote mbili uziunganishe. Kama saa za mashine zinapishana dakika nne, utaona mtu ametoka kabla ya kuingia. Weka chrony katika zote mbili, zifuate saa moja, na uandike wakati pamoja na tofauti yake na saa ya dunia, kwa upande wetu saa tatu mbele.

Rudia jaribio kila baada ya miezi mitatu, na kila baada ya kubadilisha toleo la programu. Mara mbili nimekuta toleo jipya limerudisha mpangilio wa kiwandani na kufuta kila nilichoweka.

Mwisho, bandika karatasi ukutani karibu na seva, kwa Kiswahili, herufi kubwa: zamu ikihama, nani apigiwe simu, nani aruhusiwe kuirudisha, daftari la karatasi liko wapi. Fundi unayemtegemea anaweza kuwa ndani ya kivuko cha Likoni wakati huo, simu haina chaji.

Ofisi ile ya Makupa ilitengeneza haya yote baadaye, na kazi haikuwa kubwa: diski mbili, siku tatu za fundi, Ijumaa moja ya kuvunjavunja. Ripoti yangu kwao, hata hivyo, ilikuwa ya zile siku sita za nyuma. Palipotakiwa jina la aliyebadilisha mpokeaji, niliandika "haijulikani". Neno hilo halikumtia karani hatiani, wala halikumsafisha. Mwisho wa mwezi alikuwa ameacha kazi. Mstari wake wa Jumatano, wa kulifunga faili, ulikuwepo. Kama alisema kweli, uliokosekana ni mstari wa mtu mwingine, siku nyingine, na huo ndio aliouhitaji.